MAMBO YA KAMERA: Mkono wa Flashi na Picha za Wima

Bwana mmoja aliye karani wa chama cha ushirika wa maziwa, upande wa magharibi ya nchi yetu, ameniletea barua ndefu, nami nimeona ni vema kuijibu hapa mbele ya wasomaji wote, maana jambo aulizalo huwasumbua wengi wanaoshika kamera siku za Jumamosi ili kuongeza kidogo juu ya mshahara. Ukoo mmoja umemwomba awapige picha wazee wao, mmoja mmoja, siku ya mkutano mkubwa wa ukoo katika mwezi wa Desemba. Wazee hao wanapata arobaini. Kila mmoja atakaa peke yake, na picha itakuwa ya wima, yaani ndefu kwenda juu, ipate kutiwa katika fremu na kutundikwa ukutani. Kazi yenyewe itafanyika jioni mkutano ukiisha, katika nyumba ya matofali yenye paa la mabati lisilo na dari. Sasa bwana huyu anauliza: je, anunue ule mkono wa chuma unaoinua flashi juu ya kamera, ambao wenye maduka huuita braketi, au fedha hiyo aiache palipo, maana imewekwa kwa karo ya mtoto ya muhula wa kwanza?

Kabla ya kusema habari za chuma na waya, yafaa tuseme kwa nini jambo hili si dogo. Kila mtu aliyepata kukaa katika kamati ya mazishi anajua saa ile ambapo watu huulizana, "Picha ya mzee iko wapi?" Hutafutwa sandukuni, hutafutwa kwa watoto walioko mijini, na mara nyingi kinachopatikana ni ile picha ndogo ya kitambulisho, ama picha ya harusi ya mtu mwingine ambamo mzee amesimama nyuma kabisa, uso wake ukiwa sawa na punje ya hindi. Uso huo hukatwa, hukuzwa, hukuzwa tena, hata ukawa ukungu mtupu. Nao ndio unaochapwa juu ya ratiba ya mazishi na kubebwa mbele ya jeneza. Picha hizi arobaini, basi, si mapambo ya sebuleni tu. Kwa baadhi ya wazee hao huenda ikawa ndiyo picha moja nzuri watakayoiacha, na kivuli cheusi kinachoshika sikio na nusu ya shingo kitabaki hapo kwa wajukuu na vitukuu. Ndiyo sababu sikuona vibaya kwamba bwana huyu amelala macho akiwaza juu ya kipande cha chuma.

Asili ya taabu hii ni umbo la kamera yenyewe. Zile kamera za lenzi mbili, kama Rolleiflex iliyotoka Ujerumani mwaka wa 1929, zilipiga picha ya mraba, sentimita 6 kwa 6, nayo picha ya mraba haina kusimama wala kulala. Mpiga picha aliikata baadaye kama alivyopenda, na taa yake ikabaki pale pale alipoifunga. Lakini kamera ya Leica, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1925, ilitumia filamu nyembamba na kutoa picha ya milimita 24 kwa 36, iliyo pana kuliko kimo chake. Na kamera nyingi za siku hizi, hata hizi zisizotumia filamu, zimerithi umbo hilo ama lililo karibu nalo. Binadamu naye ni mrefu kwenda juu. Kwa hiyo atakaye kumpiga mtu mmoja picha ya kujaza nafasi yote hana budi kuilaza kamera ubavu. Akiilaza, flashi iliyokuwa juu ya lenzi inakwenda kando, na hapo ndipo matata yanapoanza.

Flashi ikiwa juu ya lenzi, kivuli cha mtu huanguka nyuma yake na chini, kikafichwa na mwili wake mwenyewe. Ikiwa kando, kivuli hutokea upande wa pili, kikaonekana ukutani kama utepe mweusi uliofuata sikio, shingo na bega. Wapendao hesabu na wafuate mfano huu. Tuseme flashi iko sentimita 15 kando ya lenzi, mzee ameketi mita 2 kutoka kwenye kamera, na ukuta uko nusu mita nyuma yake. Nusu mita ni robo ya mita 2. Basi kivuli kitachungulia ukutani kwa robo ya zile sentimita 15, yaani karibu sentimita 4. Si utepe wa kudharauliwa kando ya kichwa ambacho upana wake hauzidi sana sentimita 15 hizo hizo.

Sasa msogeze mzee mbele, hata ukuta uwe mita 2 nyuma yake. Kwa hesabu ile ile kivuli kitachungulia kwa sentimita 15 kamili, na huenda msomaji akasema kwamba tumeharibu badala ya kutengeneza. La, hasha. Mwanga hupungua upesi kuliko umbali unavyozidi: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu. Ukuta ulio mita 4 kutoka kwenye flashi hupata robo ya mwanga anaoupata mzee aliye mita 2, nao utatoka katika picha ukiwa wa giza kiasi, na kivuli juu ya ukuta wenye giza hakina ukali. Tena kingo zake hulegea. Kioo cha flashi ya kawaida kina upana wa sentimita 6 au 7, na kadiri ukuta ulivyo mbali nyuma ya mtu ndivyo ukingo wa kivuli unavyozidi kuyeyuka. Kusogeza kiti, basi, ni dawa isiyo na gharama hata ya senti moja, nami nastaajabu kuona jinsi wapiga picha wengi wanavyowaegemeza watu ukutani kana kwamba wanawapima urefu.

Haya, na mkono wenyewe ni kitu gani? Ni kipande cha chuma ama cha aluminiamu kinachofungwa chini ya kamera kwa skrubu ya robo inchi, mahali pale pale pafungwapo stendi ya miguu mitatu. Kutoka hapo hupanda juu kando ya kamera, na flashi hukaa kileleni. Aina rahisi kabisa ina umbo la herufi L, nayo huiweka flashi ubavuni. Ukiilaza kamera kwa picha ya wima, flashi inakuja juu, lakini ukirudi kwenye picha ya kulala inabaki kando, hata unaponya huku na kuumiza kule. Aina zilizo bora zaidi zina bawaba. Nyingine huipindua flashi yenyewe ije juu ya lenzi kila kamera igeukapo. Nyingine huiacha flashi mahali pake na kuizungusha kamera ndani ya mkono. Hii ya pili ni nzuri kwa mtu anayegeuza kamera mara mia katika arusi moja, ila ni kubwa na nzito.

Faida zake ni za kweli, nami sitazificha. Ya kwanza ni kivuli kurudi nyuma ya mtu, kama tulivyoona. Ya pili ni macho mekundu. Katika chumba chenye giza mboni hufunguka sana, na flashi iliyo karibu na lenzi huingia moja kwa moja hadi nyuma ya jicho, penye mishipa ya damu, ikarudi katika kamera na wekundu wake. Ukiinua flashi sentimita 25 juu ya lenzi, na mtu yuko mita 2 tu, mwanga huo hurudi mahali pengine na macho hubaki na rangi yake. Akiwa mita 5 ama 6, pembe huwa nyembamba na faida hiyo hupungua. Ya tatu ni miwani. Flashi iliyoinuliwa hutupa mng'ao wake chini ya lenzi, mradi mvaaji hakuinua uso kupita kiasi. Na katika wazee arobaini bila shaka wenye miwani hawatakuwa wachache.

Lakini bwana karani asifikiri kwamba mkono huo utamfanyia picha kuwa nzuri. Utaondoa kivuli kibaya, basi. Sentimita 25 kwa mita 2 ni pembe ya digrii 7 hivi, na kwa uso wa mtu hiyo bado ni taa ya mbele, yenye kulainisha kila kitu kama mkate ulioumuka. Mashavu ya mzee, mifereji ya kipaji, ule mstari wa mdomo unaomfanya awe yeye na si ndugu yake, hivyo vyote huonekana vema mwanga ukitoka kando na juu kwa digrii 40 ama 45. Mkono wa chuma hauwezi kufika huko, hata uwe wa bei gani.

Kadhalika una taabu zake. Flashi na betri zake nne ina uzito wa karibu nusu kilo, na ukiiweka juu ya nguzo, kamera nzima hulemea upande. Baada ya saa tatu kifundo cha mkono kitakueleza habari zake. Vazi la kichwa nalo ni jambo la kuangaliwa. Mzee aliyevaa kofia ya ukingo mpana, ama mama aliyejifunga kilemba kilichotokeza mbele, atapata kivuli juu ya macho kadiri flashi inavyopanda, na kwao ni afadhali taa iliyo chini kidogo. Na kuna jambo moja wauzaji wengine husahau kulisema: mkono pekee haufanyi kazi. Flashi ikiondolewa juu ya kamera hukatwa mawasiliano, kwa hiyo lazima uwepo waya maalum wa kuiunganisha tena, waya unaopitisha si amri ya kuwaka tu bali na vipimo vya mwanga, ama sivyo vifaa viwili vya redio vya kazi hiyo hiyo. Mnunuzi aliyehesabu bei ya mkono bila waya amehesabu bei ya jembe bila mpini.

Huo waya ndio ningependa tuutazame zaidi kuliko chuma. Mwenye waya anaweza kuishika flashi kwa mkono wa kushoto, akauinua na kuupeleka kando kadiri waya unavyofika, huku kamera iliyolazwa iko mkono wa kulia. Anaweza kumpa kijana aliyesimama karibu naye amwinulie. Na siku hiyo vijana wa ukoo watakuwa wengi kuliko kazi. Hapo mwanga unatoka mahali alipotaka mwenye picha, si mahali fundi wa kiwandani alipoweka bawaba. Kwa hiyo shauri langu kwa kila mtu aulizaye swali hili ni moja: waya kwanza, ama redio kwanza, mkono wa chuma baadaye, kama bado utauona wa lazima. Wengi wakiisha kupata waya hawautamani tena.

Kuna na njia ya kugeuza kichwa cha flashi kuelekea juu ili mwanga ugonge dari na kumwangukia mtu kwa upole. Penye dari nyeupe ya kadiri, mita 2 na nusu hadi 3, njia hii hushinda mikono yote ya chuma, na kamera ikilazwa unakizungusha tu kichwa cha flashi mpaka kitazame juu tena. Gharama yake ni nguvu: robo tatu ya mwanga, ama zaidi, hupotea njiani. Walakini dari ya rangi ya majani humpa mtu uso wa kijani, na ile ya samawati humfanya kama mgonjwa. Kanisa lenye paa la juu sana halirudishi kitu. Mabati matupu nayo hurudisha mwanga vipande vipande, kwa mistari, hata uso ukawa na madoa. Na mabati ya zamani yaliyoingia moshi wa jikoni huumeza wote.

Basi na tuje katika nyumba ile ya bwana karani. Nyumba haina dari, na kazi ni ya jioni. Kwa kutazama haraka mtu angesema mkono wa chuma ndio unaohitajika. Lakini tazama tena: wazee ndio watakaomjia yeye, mmoja baada ya mmoja, katika kiti kile kile. Yeye hatembei. Mkono wa flashi ni chombo cha mtu anayetembea, anayemfuata bibi arusi kutoka mlangoni hadi kwenye keki na kugeuza kamera huku na huku bila nafasi ya kuomba msaada. Kwa mtu aliyekaa mahali pamoja na kiti kimoja, taa nayo yaweza kukaa mahali pamoja. Flashi ifungwe juu ya stendi, ama hata juu ya mti ulionyoka uliochimbiwa ndani ya debe la mchanga. Iwashwe kwa redio. Iwekwe mita moja na nusu kutoka kwa mzee, kando na juu kidogo ya macho yake, na mbele yake uwepo mwavuli mweupe wa wapiga picha ama shuka nyeupe iliyotandazwa. Upande wa pili wa uso, shuka nyingine nyeupe irudishe mwanga kidogo ili nusu ya uso isizame. Kiti kiwe mita 2 mbele ya ukuta. Kamera ikilazwa ama isilazwe, taa haijui wala haijali.

Na kama ningekuwa mimi, kwanza ningemwendea mwenyekiti wa ukoo kabla ya kuliendea duka. Ningemwomba wazee wapigwe picha saa tatu ama saa nne ya asubuhi, kabla ya hotuba, wakiwa bado hawajachoka na nguo zao hazijapata mchuzi. Kiti kiwekwe ndani kidogo ya mlango ama katika kivuli cha baraza, uso ukielekea uwanjani. Mwanga wa mbingu uingiao hivyo ni mpana na wa upole, hauna kivuli cha kufuata sikio, haumalizi betri, na wazee hawatafumba macho kwa mshtuko. Wajerumani wawili, Miethe na Gaedicke, walipotengeneza unga wa kuwaka kwa ajili ya picha mwaka wa 1887, watu walikohoa moshi na wengine waliunguzwa. Flashi ya leo ni ya kistaarabu, lakini mwangaza wa mlangoni ni wa kistaarabu zaidi. Ikiwa mwenyekiti atakataa, basi turudi kwenye stendi na redio.

Awe na seti mbili za betri za kuchaji. Wazee arobaini kwa picha tatu kila mmoja ni mara 120 za kuwaka, bila kuhesabu watakaofumba macho, na betri zikianza kuchoka flashi hukawia kujaa kati ya picha na picha. Mzee hapendi kungojeshwa akiwa amenyosha shingo.

Ajaribu pia nyumbani kabla ya siku yenyewe. Amketishe mkewe, ama jirani mwenye subira, nusu mita mbele ya ukuta, akapige picha tatu za wima: moja flashi ikiwa juu ya kamera iliyolazwa, moja kiti kikiwa kimesogezwa mita 2 mbele ya ukuta, na moja mtoto akiwa ameishika flashi kando na juu, kama amepata kuazima waya. Kamera ya siku hizi haili filamu, na jaribio hilo halitamgharimu ila nusu saa. Azitazame hizo tatu kwenye kioo kikubwa, si kile kidogo cha kamera, kisha aamue kwa macho yake mwenyewe.

Nani basi anunue mkono? Mpiga picha wa arusi za usiku na za hemani, apigaye watu wengi wakiwa wamesimama, mahali pasipo dari na pasipo msaidizi: huyo anunue, na achague wenye bawaba. Wapigao picha za pasipoti nao huniuliza, kwa sababu kanuni za kimataifa za picha hizo hazikubali kivuli usoni wala nyuma ya kichwa. Kwao najibu kwamba taa mbili za kando na ukuta ulio mbali kidogo hufanya kazi hiyo vizuri kuliko mkono wowote. Na yule ambaye amekwisha kupata waya na bado anautaka mkono wa umbo la L ili kuujaribu, asiagize ng'ambo. Achukue ubapa wa aluminiamu wenye unene wa milimita 5 hivi, aende kwa mafundi wa Kamukunji mjini Nairobi ama kwa fundi wa vyuma katika soko lake, akaukunjishe na kuutoboa. Aiangalie skrubu tu: iwe ya robo inchi na isiwe ndefu, maana skrubu ndefu hutoboa tumbo la kamera.

Kwa hiyo, bwana karani, karo ya mtoto iache palipo. Ukipata malipo ya kwanza ya ukoo, nunua redio na mwavuli mmoja. Kama hawatoi malipo ya kwanza, azima shuka mbili na umshike sana mwenyekiti juu ya ile saa tatu ya asubuhi. Swali lako la pili, juu ya karatasi ya kuchapia na namna ya kuzuia picha isififishwe na jua ukutani, linahitaji nafasi yake. Nitalijibu juma lijalo.